Halafu Nani Anapokea?

Jumatatu moja asubuhi nilifungua kumbukumbu za simu za wikiendi, kama ninavyofanya kila wiki kabla sijagusa kitu kingine, nikakuta mstari ambao mpaka leo naukumbuka kwa tarakimu zake. Simu imeingia saa 8:17 usiku wa kuamkia siku hiyo, laini ya dharura. Hali: imepokelewa. Muda: sekunde 41.

Niliridhika. Mteja kapiga usiku wa manane, fundi kapokea, wameelewana hata dakika haijaisha. Nikashuka mstari unaofuata.

Saa 3 mteja mwenyewe akapiga tena, na safari hii nikapokea mimi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala: "Dada, ile meseji niliyoacha usiku mliisikia?"

Hakuna aliyeisikia. Ofisi yetu inahudumia vyumba vya baridi, na chumba cha baridi kikizima usiku, kila saa inayopita ni hasara. Chake kilizima. Alipiga namba tuliyombandikia pale mlangoni, akasikia sauti ikimwambia aache ujumbe, akaacha, akakaa kusubiri kupigiwa. Sauti ile haikuwa yetu. Ilikuwa ya kampuni ya simu ya mkononi ya fundi wa zamu, ambaye simu yake iliisha chaji. Mtambo wetu wa simu, ule unaopokea simu za ofisi na kuzigawa kwa watu, ulimpigia fundi, ukaona upande wa pili pameinuliwa, ukaandika "imepokelewa" na kuishia hapo. Fundi wa pili hakuitwa. Msimamizi hakuitwa. Wote wawili simu zao zilikuwa hewani usiku kucha.

Mipangilio ile niliiweka mimi.

Kwa hiyo ninapoandika haya siandiki kama mtaalamu aliyesomea. Nilikaa mapokezi miaka sita, nikiwa na mkono wa simu begani na kalamu mkononi, kisha mtu aliyekuwa anatunza mtambo akaondoka, nikakabidhiwa mimi kwa sababu ndiye niliyejua nani anapigiwa na nani kwa jambo gani. Huu ni mwaka wa nne. Mambo ya kuandika amri na kubadilisha kadi nimejifunza njiani. Lakini jambo lililonigharimu zaidi kulielewa halimo kwenye amri wala kwenye kadi. Ni swali moja, "halafu?", na kuthubutu kuliuliza mpaka mwisho.

Nieleze ninavyolitumia. Kabla sijafungua ukurasa wowote wa mipangilio, nachukua karatasi nachora njia ya simu moja. Mteja anapiga namba kuu. Halafu? Inaita mapokezi. Asipopokea, halafu? Inaita mezani kwa mauzo. Wote wako kwenye kikao, halafu? Hapo ndipo watu huanza kuangaliana. Nakumbuka siku nilipokaa na bosi kupanga upya laini ya dharura. Nilimuuliza "halafu?" mara nne, ya tano akasema, "Mwanangu, ikifika hapo basi." Nikamwambia, mzee, basi ndiyo iliyomkuta yule mteja. Alinyamaza, akachukua kalamu, akaandika namba yake mwenyewe chini kabisa ya karatasi. Karatasi ile ninayo. Imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la mitambo, na kila mabadiliko yanaanzia pale kabla hayajafika kwenye seva.

Kwenye kazi hii kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kuelekeza simu: simu ikiingia, iende kwa nani. La pili ni kushikiana: huyo nani akishindwa kupokea, nani anamshikia. La kwanza kila mtu analifikiria siku mtambo unapofungwa. La pili ndilo linaloamua kama mteja atasikia sauti ya mtu. Kuna mitambo, ya Avaya kwa mfano, ambayo njia ya kushikiana ina ukurasa wake wenyewe, ina nafasi sita za kujaza, na inakuuliza kwa kila sababu: je, sheria hii iwe kwa simu za ndani, au za nje, au zote? Napenda sana ukurasa wa namna hiyo. Mwenzako wa chumba cha pili akikukosa atainuka aje mlangoni kwako, mteja hawezi. Simu ya ndani inaweza kuachwa iite. Ya nje isiachwe.

Kisha kuna sababu zenyewe. Mtu anashindwa kupokea kwa namna tatu, na mtambo unazitofautisha vizuri kuliko sisi. Yuko bize, yaani anaongea na mwingine. Hapokei, yaani simu inaita lakini hayupo au hataki. Hapatikani, yaani chombo chenyewe hakipo kwenye mtandao. Kwenye Asterisk, programu ya kuendesha mtambo wa simu, baada ya jaribio la kumpigia mtu kwisha, mtambo unabaki na jibu kwa herufi kubwa: BUSY, NOANSWER, CHANUNAVAIL. Nilipourithi mtambo wetu, njia za BUSY na NOANSWER zilikuwa zimepangwa safi kwa kila meza. Ile ya tatu ilikuwa tupu. Ukiangalia juu juu huoni kosa, maana kila ukijaribu, simu ya mezani ipo, inaita, inahamia. Siku moja msafisha ofisi alisogeza meza ya uhasibu, waya wa mtandao ukachomoka nyuma ya simu. Kuanzia hapo kila aliyechagua uhasibu kwenye menyu ya sauti alikatiwa papo hapo, bila mlio hata mmoja. Ilichukua siku tisa kugundua, kwa sababu mhasibu alidhani watu wameacha kumsumbua mwisho wa mwezi. Tangu siku hiyo, nikiongeza ekstensheni mpya, yaani namba ya ndani ya meza, jaribio langu la kwanza ni kuchomoa waya.

Turudi kwenye sekunde 41, maana hapo pana mengi.

Tatizo la kupeleka simu ya ofisi kwenye simu ya mkononi ni kwamba simu ya mkononi ina mtambo wake nyuma yake, na mtambo ule una mipango yake ya kushikiana ambayo wewe huitawali. Simu ikizimwa, wao wanapokea. Ikiita muda fulani bila kupokelewa, wao wanapokea. Na kwa mtambo wako, aliyepokea ni aliyepokea. Haujui tofauti ya koo la mtu na mashine. Kama umeita watu watano kwa pamoja na mmoja wao kazima simu, mashine yake inaweza kudaka simu papo hapo, na hao wanne wengine wasikie mlio mmoja uliokatika njiani, au wasisikie kitu.

Dawa ipo na ni rahisi: mlazimishe anayepokea athibitishe kuwa ni mtu. Sasa hivi fundi akiinua simu ya dharura, kabla hajaunganishwa anasikia sauti yangu, niliyoirekodi mwenyewe chooni kwa sababu ndipo penye utulivu: "Simu ya dharura ya kazini. Bonyeza 1 kupokea." Asipobonyeza ndani ya sekunde 8, mtambo unamwacha na kwenda kwa anayefuata. Mashine ya kupokea ujumbe haiwezi kubonyeza 1. Muda wote huo mteja anaendelea kusikia mlio wa kawaida. Mitambo mingi ya leo ina kitu hiki, kimejificha kwenye kurasa za kumfuata mtu alipo au za kundi la kuita, na kwa kawaida huja kikiwa kimezimwa. Kiwashe.

Kama mtambo wako hauna, basi cheza na sekunde: mtambo wako ukate tamaa kabla mashine ya mtandao haijadaka. Lakini hiyo inasaidia tu kwa simu iliyo hewani. Iliyozimwa hudakwa mara moja, hakuna sekunde za kucheza nazo.

Na sekunde nazo zina hila. Nilikuwa nimeweka 15 kwa kila fundi, nikiona zinatosha kabisa. Kisha nikachukua saa nikapima kwa mkono, fundi mmoja mmoja, kutoka pale mtambo unapoanza kupiga hadi simu inapolia mkononi mwake. Ilikuwa sekunde 4 kwa mmoja, 6 kwa mwingine, 9 kwa aliyekuwa sehemu yenye mtandao hafifu. Huyo wa 9 alikuwa anabakiwa na sekunde 6 za kuamka, kutafuta simu na kuinua. Ndiyo maana alikuwa anaonekana kila mara "hapokei", na kwa kweli tulimsema vibaya. Sasa hivi kila mmoja ana sekunde 25.

Hesabu kwa sekunde, usihesabu kwa milio. Bosi alipoagiza "iite mara nne", nilielewa anachotaka, ila mlio si kipimo. Mlio wa Kimarekani ni sekunde 2 za sauti na 4 za kimya, kwa hiyo milio minne ni sekunde 24. Wa Kiingereza ni ule wa haraka wa mapigo mawili mawili, unaojirudia kila sekunde 3. Minne yake ni sekunde 12, nusu yake kabisa. Tena mlio anaousikia anayepiga hutengenezwa na mtambo kwa ajili yake tu, haulingani lazima na unaolia mezani kwako. Mteja anaweza kuapa kwamba iliita mara sita na wewe ukaapa ulisikia miwili, na wote mkawa wakweli.

Jambo jingine la zamu: namba gani ionekane kwenye kioo cha fundi? Zamani tulipitisha namba ya mteja. Fundi aliyelala anaona namba asiyoijua saa 8 usiku, anageukia upande wa pili. Tukabadilisha, ionekane namba ya ofisi, na kila fundi akaihifadhi kwa jina DHARURA KAZINI, akaipa mlio wake, akairuhusu ipite hata simu ikiwa imewekwa kimya. Simu za Android na iPhone zote zinaruhusu hilo kwa mtu unayemchagua. Namba ya mteja mtambo unamtumia kwa barua pepe sekunde ileile. Badiliko hili dogo limeongeza upokeaji wa usiku kuliko mafunzo yote tuliyowapa.

Mchana ni habari nyingine. Mchana tatizo si kwamba hakuna mtu, ni kwamba wapo wengi. Kuna namna ya kuita meza zote kwa pamoja, na wauzaji wa mitambo wanaipenda kwa sababu inaonekana ya haraka. Mimi siipendi na nimeiondoa kila nilipoweza. Meza saba zikilia pamoja, kila mtu anamsubiri mwenzake; nimekaa katikati ya chumba hicho nikaona macho yao. Naita mmoja ambaye ni zamu yake, sekunde 12. Halafu wawili wanaomshikia, sekunde 12. Hapo ndipo zilie zote, na ikifika hapo kila mtu anajua kwamba wale watatu wamezidiwa, na mikono inanyooka. Kwa kitengo cha mauzo, ambako wanagombania simu badala ya kuzikwepa, nimetumia mpango wa kumpa aliyekaa muda mrefu zaidi bila simu. Malalamiko ya upendeleo yaliisha wiki hiyohiyo.

Upendeleo huo ndio, kwa mujibu wa hadithi inayosimuliwa sana kwenye kazi yetu, uliozaa mitambo hii. Almon Strowger alikuwa mzishi huko Marekani, kazi yake kuandaa mazishi. Inasemekana aliamini kwamba wahudumu wa swichibodi walikuwa wanawapeleka wateja wake kwa mzishi mwingine. Kilicho hakika ni kwamba mwaka 1891 alipewa hataza ya swichi inayounganisha simu bila mhudumu, na mwaka uliofuata kituo cha kwanza cha namna hiyo kikafunguliwa La Porte, Indiana. Huwa nakifikiria kisa hicho nikiwa mbele ya kompyuta. Alimtoa mtu wa katikati. Lakini mtu wa katikati hakutoweka. Amehamia kwenye ukurasa wa mipangilio, na hapa ofisini kwetu ni mimi. Nikisahau kujaza kisanduku kimoja, namfanyia mteja kilekile alichokihofia Strowger.

Kosa langu jingine nitalieleza kwa sababu sisi tunaoongea Kiswahili tuko karibu nalo kuliko wengine. Ofisi ilibadilisha muda wa kazi, nikaletewa kikaratasi: "Simu zifunguliwe saa 2, zifungwe saa 11." Nilikuwa na haraka. Nikaandika kwenye sheria ya muda 02:00 hadi 11:00. Mtambo hauna asubuhi wala jioni yetu. 02:00 kwake ni saa 8 usiku, na 11:00 ni saa 5 asubuhi. Watu walipofika kazini simu zilikuwa zinaita kama kawaida, hakuna aliyeshtuka. Saa 5 kamili zikanyamaza. Mchana kutwa wateja walikuwa wanaambiwa tumefunga, huku sisi tumekaa palepale tukisifu utulivu. Siku mbili. Sasa ninapopokea maelekezo ya saa, nayaandika upya kwa tarakimu za mtambo, 08:00 hadi 17:00, namrudishia aliyenipa asaini. Na saa ya seva yenyewe naitazama kila mwezi, maana sheria nzuri juu ya saa iliyopotoka ni bure.

Kuna na hili la idadi ya laini, ambalo watu hulikumbuka simu zikianza kugoma. Mdenmark Agner Krarup Erlang, aliyefanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 hesabu tunazotumia hadi leo. Chukua saa moja yenye simu 20 za dakika 3 kila moja. Hizo ni dakika 60 za mazungumzo, yaani erlang 1. Ukiwa na njia 4, yaani laini 4, kati ya simu 100 ni kama moja au mbili tu zitakuta zote zimejaa. Vizuri. Sasa siku moja ofisi ina hitilafu ya umeme, unaamua simu zote ziende kwenye simu za mkononi. Kila simu iliyoingia inashika njia moja, na kutoka tena kwenda mkononi inashika ya pili, mpaka mazungumzo yaishe. Njia zako 4 zimekuwa 2. Kwa hesabu ileile, simu 20 kati ya 100 zitakuta pamejaa. Mteja mmoja kwa kila watano, na kwenye kioo chako hakuna taa nyekundu hata moja. Muulize mtoa huduma wako mapema kama anaweza kuigeuza simu huko huko kwake kabla haijafika kwako. Sisi tuliuliza baada ya siku hiyo.

Sanduku la ujumbe wa sauti nimeliacha kwa makusudi mwisho wa njia za mchana, na kwenye njia ya dharura nimelitoa kabisa. Pale lilipobaki, lina mwenyewe aliyeandikwa jina kwenye karatasi yangu, na ujumbe unamfikia kwa barua pepe yeye na msaidizi wake. Sanduku la "ofisi" nililifuta. Nilikuta lina ujumbe hadi limejaa, wa zamani kabisa ukiwa wa mteja aliyetaka kuagiza.

Na wafanyakazi wanaojihamishia simu wenyewe kwa kubonyeza kitufe, nimewaomba waniambie kwanza. Dada wa mapokezi aliwahi kuhamishia yake kwa katibu, katibu akiwa likizo kahamishia yake mapokezi, na simu ikawa inazunguka kati ya meza mbili zisizo na mtu. Itifaki ya SIP, yaani taratibu ambazo mitambo hutumia kuunganisha simu kupitia mtandao, ina kihesabio, kwa kawaida huanzia 70, kinachopungua kila simu inaporuka kutoka seva moja kwenda nyingine, ili isizunguke milele. Lakini mzunguko wa ndani ya mtambo wako mwenyewe huenda kihesabio hicho kisiuone, na wa kwetu haukuuona. Niliweka kikomo: simu isihamishwe zaidi ya mara tatu, ya nne iende mapokezi ya zamu.

Yule mteja wa sekunde 41 bado yuko nasi. Baada ya kurekebisha nilimpigia nikamwomba anisaidie jaribio, akakubali. Usiku wa Alhamisi, saa 4, alipiga laini ya dharura kutoka kwake. Nilikuwa nimemwambia fundi wa kwanza azime simu, wa pili apokee bila kubonyeza chochote, na msimamizi aachie iite tu. Bosi sikumwambia. Nilikaa kwangu na kompyuta nikitazama mistari ikishuka: wa kwanza, hakuna uthibitisho. Wa pili, hakuna uthibitisho. Msimamizi, hapokei. Kisha namba ile ya chini kabisa ya karatasi ikawaka. Sekunde 3, 7, 11. Ikaandika "1", na baada yake "imeunganishwa".

Mteja alinipigia mara tu walipomaliza. "Dada," akasema, "kapokea mzee mwenyewe. Ameniuliza chumba kina joto la ngapi."